Je, wajua kwa nini kofia ya rubani hujaribiwa pamoja na mkanda wa kiti?

Kofia ya rubani hukinga fuvu, na mkanda huzuia kiwiliwili kisirushwe mbele ndege inapojibamiza. Kwa nini basi wahandisi hawaridhiki kukipima kila kimoja peke yake?

Jibu limo shingoni. Mikanda inapokifunga kiwiliwili barabara kwenye kiti, kichwa hakifungwi na chochote: kiwiliwili husimama, kichwa huendelea na safari, na shingo ndiyo inayobaki kukizuia. Kofia ya kilo 2, mshtuko unapofikia mara 10 ya nguvu ya mvutano wa dunia, huielemea shingo kama mzigo wa kilo 20, mbali na uzito wa kichwa chenyewe. Ikifungwa miwani ya kuonea usiku kwa mbele, mzigo husogea mbali na uti wa mgongo na kuikunja shingo zaidi. Kofia iliyofaulu vizuri kabisa ilipodondoshwa juu ya chuma yaweza, kwa hiyo, kumponza mvaaji wake.

Ndiyo maana sanamu lenye umbo la mtu, lililojaa vihisio shingoni, kichwani na mgongoni, huvishwa kofia na kufungwa kwenye kiti kilichowekwa juu ya kigari cha reli. Mafundi hukaza kila mkanda kwa kipimo maalumu, kwa sababu mkanda uliolegea huuacha mwili usogee kwanza, kisha huudaka kwa kishindo. Mkanda wa kiuno lazima ukae juu ya mifupa ya nyonga. Ukipanda tumboni, mwili huteleza chini yake na matumbo hukandamizwa. Viti vingi vya marubani huwa na mkanda wa tano, upitao katikati ya mapaja, kwa ajili ya hatari hiyo hiyo.

Tunapaswa kumkumbuka kwa heshima John Paul Stapp, daktari wa Jeshi la Anga la Marekani, aliyekaa mwenyewe mahali pa sanamu. Tarehe 10 Desemba 1954, huko New Mexico, kigari chake cha roketi kilifikia takriban kilomita 1,017 kwa saa, kikasimamishwa kwa sekunde 1.4 hivi. Mshtuko ulipita mara 46 ya mvutano wa dunia. Macho yake yalivia damu na kwa muda hakuona, lakini mikanda ilimshika, akapona.

Kiti kinachomrusha rubani nje ya ndege huleta mzigo wa namna nyingine, kwani hapo uti wa mgongo husukumwa kutoka chini huku kofia ikiukandamiza kutoka juu. Rubani aliyeinama wakati huo yumo hatarini zaidi, na kwa hiyo viti vingi vya aina hiyo vina kifaa kinachovuta mikanda ya mabega na kumnyoosha mgongo kabla kiti hakijaruka.