Ziro ya kidato cha nne haifungi kila mlango

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, ujumbe uleule huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: aliyepata ziro hana chuo cha kumpokea, na aliyeishia darasa la saba au kuacha shule kwa mimba ndiyo basi tena. Si kweli.

Hapa Tanzania, vyuo vya ufundi stadi vina fani zinazopokea hata waliomaliza darasa la saba, kama uashi na ushonaji. Na kijana aliyejifunza kuchomelea gereji, bila kukaa darasani, anaweza kupimwa kwa vitendo na kupewa cheti. Huu urasimishaji wa ujuzi hausemwi vya kutosha, ilhali ndio unaowafaa zaidi yatima na waliokulia mtaani, ambao kazi tayari wanaijua. Anayetaka vitabu anaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Wasichana waliojifungua nao wanaruhusiwa kurudi shuleni tangu 2021.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu vyuo vya ualimu na uuguzi vinadai ufaulu wa kidato cha nne, wakadhani vyote viko hivyo.

Kuhakikisha ni rahisi: nenda chuo cha ufundi kilicho karibu, usome sifa za kujiunga kwenye ubao wa matangazo, uulize fani moja moja, maana zinatofautiana. Au pita ofisi ya elimu ya wilaya. Ujumbe ule ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Msindikize kijana wako akaulize mwenyewe.