Kabla ya Kupiga Lipu ya Saruji: Kwa Wenye Majengo ya Kale Kisumu

Majengo mengi ya kale hapa Kisumu hayabomolewi yakiwa mazima. Huugua kwanza, na mara nyingi dawa yenyewe ndiyo iliyoyaua.

Reli kutoka Mombasa ilifika ukingoni mwa Ziwa Victoria mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, na wafanyabiashara wakaifuata. Maduka ya zamani ya katikati ya mji, mengi yao kazi ya Wahindi, yaliifuata hali ya hewa ya hapa: kuta nene, dari ya juu, baraza mbele la kumkinga mpita njia na jua la saa nane pamoja na mvua ya jioni. Vyumba hivyo hupoa bila feni. Sijaona ghorofa la vioo linaloweza hivyo.

Tazama ukuta wa duka kama hilo, usawa wa goti. Rangi imevimba, unga mweupe unatoka, na ukigonga unasikia uwazi ndani. Mwenyewe humwita fundi, fundi hupiga lipu ya saruji, na mwaka mmoja au miwili baadaye uvimbe umepanda hadi kifuani. Ukuta uliojengwa kwa chokaa hupitisha unyevu ukatoka nje. Saruji huufungia ndani, chumvi zikajikusanya nyuma ya lipu, nalo jiwe likamomonyoka taratibu. Hatimaye jengo linaitwa hatari, na tingatinga linapata kisingizio.

Kwa hiyo anza juu, wala si chini. Kagua mabati na gata, kwa sababu gata moja lililotoboka linamwaga maji mahali pamoja kila mvua inaponyesha. Kisha kwaruza kiungo cha mawe kwa ufunguo: kikitoka unga laini, huenda ni chokaa, basi kirudishiwe chokaa, sehemu 1 kwa sehemu 3 za mchanga safi, kikifunikwa magunia mabichi kisikauke haraka. Kazi hii ni ya polepole na mafundi wanaoiweza ni wachache, lakini wapo.

Swali ninaloulizwa zaidi ni kama serikali itachukua jengo. Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kulitangaza jengo kuwa urithi katika gazeti rasmi la serikali. Tangazo hilo peke yake halihamishi umiliki. Unaendelea kupangisha na kuuza bidhaa, ila hubomoi wala hubadilishi bila idhini.

Na kwa wanaotaka vyumba zaidi, kwa kuwa ardhi ya katikati ya mji ni ghali kweli: maduka mengi ya zamani yana ua nyuma. Mwombe msanifu wako achore ghorofa mpya huko, aliache duka la mbele na baraza lake. Mwombe kabla hajachora chochote, maana michoro ikishapelekwa kaunti, ni vigumu kumrudisha nyuma.