Ukungu wa Matunda: Maswali ya Sokoni na Jikoni

Nilinunua maembe Buguruni yakiwa safi kabisa. Siku ya tatu yamejaa mabaka meusi. Niliuziwa mabovu?

Huenda hata muuzaji hakujua. Mabaka meusi yaliyobonyea kwenye embe au papai mara nyingi ni ugonjwa wa chule, unaoletwa na fangasi wa jamii ya Colletotrichum. Fangasi huyu halingojei embe sokoni. Huliingia shambani, tunda likiwa bado changa mtini, mvua inaporusha mbegu zake kutoka kwenye majani na vijiti vikavu. Mbegu ikitua kwenye ganda lenye unyevu huota, hujishikiza kwa kifundo cheusi kigumu, kisha husukuma uzi mwembamba hadi upenye ganda. Hahitaji jeraha.

Akishaingia, hutulia. Embe bichi lina kemikali zinazomzuia na sukari yake bado ni kidogo. Linapoiva kinga hiyo hushuka, nyama hulainika, na aliyelala kwa wiki nyingi huamka. Joto na fukuto la Dar es Salaam humharakishia kazi.

Kwa nini ukungu wa chungwa haufanani na wa epo?

Kwa sababu kila fangasi amezoea tunda lake. Ule wa kijani kwenye chungwa ni Penicillium digitatum. Huyu huishi kwa machungwa, malimau na ndugu zake, na hupitia penye jeraha: kucha ya mchumaji, au mchubuko wa safari ya lori kutoka Muheza. Ndugu yake, Penicillium expansum, hushambulia zaidi epo na peasi.

Hata mbinu zao za ndani hutofautiana. Expansum humwaga asidi ili tunda lizidi uchachu, maana hapo ndipo vimeng'enya vyake, yaani kemikali anazolainishia tunda, vinapofanya kazi vizuri. Fangasi wa chule hufanya kinyume: hutoa amonia na kuupunguza uchachu. Mwingine wa jamii hiyo ya chule amebobea kwenye kahawa ya arabika. Ndiye aletaye chulebuni, ugonjwa ulioonekana kwanza Kenya mwaka 1922 na ambao wakulima wa Kilimanjaro wanaujua vizuri.

Nikikata palipooza, naweza kula panapobaki?

Doa dogo la chule lililoishia kwenye ganda, nyama ya chini ikiwa ngumu na haina harufu, menya ule. Lakini tunda laini lililoota manyoya ya ukungu, iwe nyanya, papai au stroberi, tupa lote. Nyuzi za ukungu hutangulia mbali kuliko jicho linavyoona.

Epo lililooza nalo litupe. Expansum hutengeneza sumu iitwayo patulini, ambayo huweza kusambaa hadi kwenye nyama inayoonekana nzima, na kuchemsha hakuimalizi. Viwango vya kimataifa vya chakula vinaruhusu isizidi mikrogramu 50 kwa kilo ya juisi ya epo.

Matunda yaliyoanza kuharibika si ndiyo ya juisi?

Hapana, na hili naomba lisikike. Tunda zima ukilitazama utaona kasoro, lakini blenda ikishapita, rangi, sukari na barafu huficha kila kitu. Lililoiva sana ni sawa. Lenye ukungu, usimsagie mtoto.

Fangasi hawa ndio wa miguuni?

Siyo hao. Wengi wa matunda hawastahimili joto la mwili, nyuzi 37. Hata hivyo usinuse tunda lenye ukungu: vumbi lake laweza kuamsha pumu, na mtu mwenye kinga dhaifu akae nalo mbali.

Nihifadhi vipi?

Usiyarundike. Yatandaze penye hewa, uyaoshe unapokaribia kula tu, kwani maji yakibaki juu ya ganda ni mwaliko kwa ukungu. Epo na machungwa yakague kila siku na uondoe lililoanza kuoza kabla halijamwaga mbegu. Embe likishaiva, litie kwenye friji. Wanaofungasha maembe ya kusafirisha huyatumbukiza kwenye maji ya nyuzi 52 hadi 55 kwa dakika chache ili kumuua fangasi wa chule aliyejificha, lakini hilo linataka kipimajoto, kwani yakizidi moto embe huungua.