Kwa nini mkunga wa chambo hulazwa juu ya barafu, wala si kwenye ndoo ya maji?

Usiku wa Septemba, kwenye miamba ya Montauk huko New York au kando ya mfereji wa Cape Cod, Massachusetts, wavuvi wa mshipi huja na masanduku ya barafu. Ndani hamna soda. Mna mikunga hai, dazeni moja hivi, wametulia juu ya gunia bichi, na maji hamna hata kikombe. Samaki gani huyo anayekaa hai bila maji?

Siri iko kwenye ngozi. Huyu si mkunga wa matumbawe tunayemwogopa pwani kwetu kwa meno yake. Ni Anguilla rostrata, anayekulia mitoni na kwenye milango ya mito, kisha hurudi baharini kuzaa mara moja tu na kufa. (Ndugu zake wamo Tana na Rufiji.) Magamba yake ni madogo mno, yamezama ndani ya ngozi, na juu yake kuna ute mzito. Ngozi hiyo ikibaki na unyevu, hufyonza oksijeni kutoka hewani. Baridi nayo hupunguza mahitaji: mwili wa samaki ukipoa, kazi zake zote hupungua kasi, na hewa kidogo humtosha.

Ndoo ya maji yaliyotuama ndiyo inayomuua. Mikunga kumi na wawili humaliza oksijeni ya ndoo upesi, na ute wanaoutoa wakihangaika huziba mashavu yao. Kwa hiyo barafu hutandikwa chini, gunia au taulo lililoloweshwa juu yake, mikunga juu ya taulo, na tundu la kutolea maji la sanduku huachwa wazi. Hapo ndipo wageni wanapokosea: wanaliziba, barafu inayeyuka, mikunga wanazama, na saa sita za usiku chambo chote kimekufa. Wengine hugandisha maji kwenye chupa za plastiki ili yasimwagike, na ni njia nzuri kuliko zote. Kama barafu imetengenezwa kwa maji ya bomba yenye klorini, maji yake yasiwaguse kabisa.

Barafu ina faida ya pili, na mvuvi huenda anaipenda zaidi ya ile ya kwanza. Mkunga mwenye joto hashikiki. Atajiviringisha mkononi, ajifunge fundo kwenye mshipi na kuupaka ute mpaka ukatwe. Aliyepoa hulegea kwa muda mfupi, na muda huo unatosha. Mshike nyuma ya kichwa kwa kitambaa kikavu au glavu ya uzi, pitisha ndoana chini ya kidevu itokee juu ya pua, kisha mtupe majini mara moja. Ukimlaza juu ya mwamba ili uwashe tochi, fundo limeshafungwa. Akigusa bahari, anazinduka.

Anayewindwa ni besi milia, samaki wa rangi ya fedha mwenye mistari saba au minane meusi ubavuni. Mkunga hutoka mafichoni usiku, na besi naye huwinda usiku. Tena mkunga ni mwembamba, laini, hana miiba mikali ya mapezi, anamezeka kirahisi. Funga mita moja hivi ya mshipi mnene unaohimili kilo 20 kabla ya ndoana, uunganishwe kwa swiveli, yaani kiungo kidogo kinachozunguka, kwa sababu mkunga huzunguka na kusokota mshipi. Chubwi haihitajiki penye maji mafupi. Vuta polepole bila kusimama: ukimwacha atulie, ataingia chini ya jiwe na hutamtoa.

Ndoana ni ya duara, ncha yake ikiwa imepinda kuelekea shina. Tangu 2021 kanuni za pwani ya mashariki ya Marekani zinawataka wanaovua besi milia kwa chambo kama burudani waitumie, kwa kuwa hunasa pembeni mwa mdomo badala ya kooni, na samaki anayerudishwa hupona. Ndoana hii haitaki kushtuliwa kwa kuvuta fimbo ghafla. Ukisikia kishindo, shusha ncha ya fimbo, acha mshipi ukaze, halafu anza kuzungusha taratibu. Ukimkuta mkunga wako amekatwa mkia kama kwa wembe, aliyepita hapo si besi bali ni blufishi, samaki mwingine mwenye meno makali.

Kwa kanuni za huko, mkunga wa chambo asipungue inchi 9, yaani sentimita 23 hivi, na mvuvi wa burudani haruhusiwi kuwa na zaidi ya 25 kwa siku. Damu yake mbichi ina sumu inayowasha macho, hivyo nawa mikono kabla ya kujifuta jasho. Waliobaki usiwamwage kwenye mto wowote ulio karibu, maana wanaweza kubeba mnyoo wa kibofu cha hewa, Anguillicola crassus. Waliokufa watie chumvi uwagandishe: wakishonewa ndoana mbili, bado wanavua.