Kibali cha kazi hakifuti uraia

"Umeshahamia Doha, siasa za Kenya zakuhusu nini?" Wenzetu walio nje huambiwa hivi kila uchaguzi unapokaribia, kana kwamba kibali cha kazi ni hati ya kuukana uraia. Sivyo kabisa. Kibali kinakuruhusu kufanya kazi kihalali tu. Pasipoti yako inabaki ya Kenya. Hata Mkenya wa kuzaliwa anayechukua uraia wa Marekani hapotezi wake, tangu Katiba ya 2010. (Tanzania ni tofauti: mtu mzima akichukua uraia wa kwingine kwa hiari yake, wa nyumbani humtoka.) Mwaka 2022 Wakenya walipiga kura katika nchi 12 za nje, Qatar ikiwemo. Ila walimchagua rais pekee, si gavana wala mbunge wa kwao, na anayeishi mbali na kituo alilazimika kusafiri au kuikosa kura.