"Nadaiwa kweli, wakili wa nini?" na dhana nyingine zinazowatoa wapangaji majumbani

Wiki hii nimeisikia tena, mara tatu, kwa watu watatu wasiojuana: "Mwanasheria, ukweli ni kwamba nadaiwa. Nikienda mahakamani nitasema nini?" Wa tatu alikuwa mama wa makamo aliyekuja na samansi ndani ya bahasha yake. Bahasha aliifungua siku kumi na moja baada ya kuletwa mlangoni, na tarehe ya shauri ilikuwa imeshapita. Hakujibu madai, hakufika, hukumu ikatolewa upande mmoja. Hakuja kuniuliza habari ya kesi hata kidogo. Alitaka kujua kama kuna mahali anaweza kuhifadhi vyombo vyake.

Nafanya kazi ya kuwasaidia wapangaji kisheria bila malipo. Zipo sheria mbovu na zipo foleni ndefu mahakamani, lakini hakuna kinachoniumiza kama mtu mwenye shauri la kutetewa anayejihukumu mwenyewe sebuleni kabla hakimu hajafungua jalada.

Dhana: Kama kweli unadaiwa kodi, wakili hana la kukusaidia

Kudaiwa ni jambo moja, kutolewa kwenye nyumba ni jambo jingine. Deni ni hesabu. Kukutoa ni utaratibu, una hatua zake, na anayedai anatakiwa kuzifuata zote. Mpangaji akishajua kwamba hesabu haimwendei vizuri, anadhani na utaratibu umekwisha. Haujakwisha. Mara nyingi haujaanza.

Tuanze na hiyo hesabu yenyewe. Mtu ananiambia anadaiwa miezi mitano. Namwomba tuandike mwezi kwa mwezi: ulilipa lini, kiasi gani, kwa njia gani, nani alipokea. Tukimaliza, miezi mitano imekuwa mitatu na nusu. Kuna malipo yaliyopokelewa na mlinzi na hayakuandikwa. Kuna "faini ya kuchelewa" ambayo haimo kwenye mkataba. Kuna bili ya maji ya mpangaji aliyetangulia. Kuna fedha za kutengeneza bomba ambazo mpangaji alizitoa mfukoni kwa ahadi kwamba zitakatwa kwenye kodi, na hazikukatwa. Sisemi kila mwenye nyumba ni mdanganyifu, maana wengi hawana daftari linaloeleweka. Lakini mahakamani anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na ukikaa kimya, hesabu yake ndiyo inayosimama.

Kisha notisi. Ilikuwa ya siku ngapi, na sheria inataka ngapi? Aliyeisaini ndiye mwenye nyumba, au ni mtu ambaye hakupewa mamlaka? Ilikufikia mkononi, au ilibandikwa getini kisha ikaokotwa na mtoto? Haya unaweza kuyaona madogo. Mahakama inaweza kulitupa shauri kwa mojawapo, nalo likaanza upya. Huo muda wa kuanza upya ndio familia nyingi zimeutumia kulipa deni lote.

Tuseme sasa notisi ni halali na hesabu ni sahihi hadi senti ya mwisho. Bado wakili ana kazi. Anakaa na upande wa pili, anatengeneza mpango wa kulipa malimbikizo kidogo kidogo juu ya kodi ya kila mwezi, kisha anaupeleka ukawa amri ya mahakama badala ya ahadi ya mdomo. Kama kuna ruzuku ya nyumba au fedha za dharura zilizokwama kwa sababu ya fomu moja, anaandika barua ya kuzifuatilia. Na ikiwa lazima uhame, anapigania tarehe. Mtu aliyepewa wiki sita hutafuta chumba, akadai amana yake, watoto wakamalizia muhula. Mtu aliyetupiwa vyombo barabarani saa tano asubuhi hutafuta jamaa wa kumpokea usiku huo, na jamaa wakichoka hatakuwa na pa kwenda. Wiki sita hizo ndizo tunazozungumzia tunaposema msaada wa kisheria unazuia watu kukosa makazi.

Wanaoniambia haya ni maneno ya mawakili huwa nawatajia New York. Mwaka 2017 jiji hilo lilikuwa la kwanza Marekani kupitisha sheria ya kumhakikishia mpangaji wa kipato cha chini wakili anaposhtakiwa atoke kwenye nyumba. Mwaka 2013 mpangaji mmoja tu katika kila 100 ndiye aliyekuwa na wakili katika mahakama ya nyumba, huku wenye nyumba kwa kawaida wakiwa na wa kwao. Ripoti za jiji za miaka ya mwanzo ya mpango huo zilionyesha kwamba kaya 84 katika kila 100 zilizotetewa zilibaki kwenye nyumba zao. Na kesi nyingi za mahakama hiyo zinahusu nini? Kodi isiyolipwa! Watu waliodaiwa kweli, kama wewe. San Francisco ikafuata kwa kura ya wananchi mwaka 2018, na mwaka 2021 Washington ikawa jimbo la kwanza nchini humo kuiweka haki hiyo kwa jimbo zima.

England na Wales wameliona jambo hilihili kwa namna yao. Tangu Agosti 2023, mtu anayepokea barua kwamba anaweza kuipoteza nyumba yake ana haki ya kupata ushauri wa kisheria bure bila kuulizwa ana kipato gani, na ushauri huo unahusu madeni na ruzuku za serikali pamoja na nyumba. Waliopanga mpango huo walijua kwamba deni ndilo linalomleta mpangaji mlangoni kwa wakili. Halikuwekwa kama sababu ya kumrudisha.

Ushauri wangu ni mmoja, na nitaurudia hadi sauti inikauke: nenda tarehe uliyoitwa. Nenda hata kama huna wakili, nenda hata kama huna shilingi. Mweleze karani kwamba unaomba msaada wa kisheria, mwombe hakimu muda wa kuutafuta. Hakimu anaweza kumsikiliza mtu asiye na hoja, lakini hawezi kumsikiliza asiyekuwepo.

Na ukiwa hapo kwenye korido, wakili wa upande wa pili akikujia na karatasi na kalamu, mkarimu kabisa, "saini hapa tumalize tusisumbuane", usisaini. Isome kwanza, au isomwe na mtu wa upande wako. Nimeona mpangaji aliyedhani amekubali kulipa kwa awamu, kumbe amesaini kwamba akichelewa siku moja dalali wa mahakama aje bila kesi nyingine.

Yule mama tumeombea hukumu yake itenguliwe. Inawezekana, ukiwa na sababu nzuri na ukiwahi kuomba. Ila kazi iliyohitaji barua moja sasa inahitaji maombi, kiapo na bahati.

Dhana: Notisi ikifika, siku zikiisha lazima uwe umetoka

Notisi ni taarifa kwamba mwenye nyumba anataka mkataba uishe. Kwa nchi nyingi, usipotoka hatua inayofuata ni yeye kwenda mahakamani, na ni amri ya mahakama tu inayoweza kukutoa. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 inasema wazi, kifungu cha 26: hakuna mtu atakayetolewa nyumbani kwake bila amri ya mahakama iliyotolewa baada ya kuangalia mazingira yote yanayohusika. Wanaofungasha usiku wa mwisho wa notisi kwa kuogopa aibu ya majirani hawamo kwenye takwimu yoyote ya kesi, na ninaamini ni wengi kuliko tunaowaona. Kabla hujarudisha funguo, pita kwa mshauri wa kisheria. Ukishazirudisha, tunabaki kuzungumzia amana.

Dhana: Nyumba ni yake, anaweza kubadilisha kufuli akitaka

Hawezi. Kung'oa mlango, kuezua bati, kukata maji na umeme ili uchoke uondoke, yote hayo ni njia za kumtoa mtu bila mahakama, na kwa sheria za nchi nyingi ni kosa. Uingereza ina sheria ya tangu 1977 inayolifanya jambo hili kuwa jinai. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni iliandika mwaka 1997 kwamba hata pale kuondolewa kunaporuhusiwa, kusifanywe usiku wala katika hali mbaya ya hewa bila ridhaa ya wahusika, kusimwache mtu bila makazi, na anayehitaji apewe msaada wa kisheria kila inapowezekana. Ukikuta kufuli jipya, piga picha, ita shahidi, kisha tupigie simu siku hiyohiyo. Mahakama inaweza kuamuru urudishwe ndani, lakini nyumba ikishapangishwa kwa mwingine kazi inakuwa ngumu mara mbili.

Dhana: Bila mkataba wa maandishi huna haki

Ulilipa, akapokea, ukaishi. Huo ni upangaji. Karatasi inarahisisha kuthibitisha, basi.

Dhana: Wakili wa bure ni wakili wa nusu

Hii inaniudhi, lakini nitaijibu kwa upole. Wakili anayekwenda mahakama ya nyumba kila siku anamjua karani, anajua ni hoja gani hakimu huzipa uzito, na ameisoma notisi kama yako mara mia. Wa kulipwa aliyezoea mikataba ya kampuni huenda akaanza kuitafuta sheria yenyewe. Ni kweli tuko wachache na mafaili ni mengi, na kuna siku utasubiri kwenye benchi. Pia si lazima kila kitu kifanywe na wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Tanzania Bara ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na ya Kenya ya 2016 nayo inawapa nafasi yao. Msaidizi mzuri akikuandikia majibu ya notisi mapema, wakili anaweza asihitajike kabisa.

Dhana: Mnachofanya ni kuwachelewesha wenye nyumba

Wakati mwingine ndiyo, tunachelewesha, na sioni haya. Ila mara nyingi mwenye nyumba mwenyewe hutoka na kitu: malimbikizo yanalipwa kwa awamu, chumba hakikai kitupu, hahitaji kumlipa dalali. Wapo wanaonipigia simu wenyewe niwakutanishe na mpangaji wao kwa sababu wamechoka kugombana getini. Mwenye nyumba ninayemkatalia ni yule anayetaka mtu atoke ijumaa jioni, mahakama ikiwa imefungwa.

Dhana: Nitakuja mambo yakifika pabaya

Njoo siku uliyoanza kukosa usingizi. Mwezi wa kwanza wa deni ninaweza kupiga simu moja; mwezi wa sita naandika kiapo. Usingoje kupanga makaratasi vizuri, lete ulichonacho: notisi au samansi pamoja na bahasha yake, kwa sababu muhuri wa tarehe unaweza kuwa ndio utetezi wetu. Risiti, mkataba kama upo, picha za ukuta unaovuja, jina la anayepokea kodi. Huna risiti? Usifute ujumbe wowote wa malipo, njoo na hiyo simu. Tutakaa na kuandika mwezi kwa mwezi.