Makazi Kwanza: maana yake kwa askari mstaafu asiye na nyumba

Malazi ni pa kulala usiku wa leo. Makazi ni pale mtu anaposhika ufunguo wake, na mkataba una jina lake. Dhana ya Makazi Kwanza imesimama juu ya tofauti hiyo.

Utaratibu wa zamani wa kuwasaidia wasio na nyumba ulikuwa ngazi: acha pombe, tibiwa, pata kazi, ndipo ufikiriwe chumba. Mwaka 1992, shirika la Pathways to Housing la New York liliipindua: chumba kwanza, tiba na ushauri baadaye. Anayelala stendi hawezi kunywa dawa za presha kwa saa zake. Kwa wanajeshi wastaafu, Marekani ina mpango unaounganisha ruzuku ya kodi, mpangaji akichangia takriban asilimia 30 ya kipato chake, na mhudumu wa kumfuatilia. Kimoja bila kingine hulegea.

Sasa chukua mzee aliyepigana Vita vya Kagera, anayelala barazani kwa watu hapa Tanga, na chumba kimepatikana Ngamiani. Kikwazo cha kwanza ni karatasi. Mwenye nyumba ataomba kitambulisho cha taifa na huenda barua ya serikali ya mtaa anakotoka. Asiye na mtaa nani amwandikie? Hapo atafutwe mdhamini: ndugu, imamu, au askari mwenzake. Kama pensheni imesimama, ifuatiliwe siku hizo hizo.

Kisha kodi. Tuseme ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Miezi 6 kwa mkupuo ni 240,000, na dalali mwezi mmoja: jumla 280,000. Watu huchanga, mzee akahamia, wote wakapumua. Chumba hupotea mwezi wa saba, 240,000 nyingine zinapodaiwa kwa siku moja. Kwa hiyo akiba ya 40,000 kila mwezi ianze mwezi ule ule wa kuhamia, itoke kwenye pensheni au kwa wachangiaji.

Mkataba usiandikwe jina la msaidizi. Mkikosana, mzee anarudi barazani. Mgawanyo wa gharama za umeme wa LUKU ukubaliwe kabla, maana ugomvi mwingi wa wapangaji huanzia kwenye mita. Chumba kisiwe mbali na msikiti na wenzake wa kahawa: upweke nao humrudisha mtu nje.

Mtembelee kila wiki kwa miezi 3 ya mwanzo. Ukifika, kabla ya kuuliza habari za pombe, uliza kama mwenye nyumba amepita na alisema nini.